Boti ndogo ya alumini Pemba: dikoni kwanza, drili baadaye

Boti yangu ni ya alumini, futi 14 kwa futi 5, ya riveti, na nailaza kwenye diko dogo (pahala wavuvi wanapopandisha vyombo) la magharibi ya Pemba, si mbali na Wete. Nilipoileta, pwani yote ile ilikuwa ya mitumbwi, ngalawa, mashua na boti chache za faiba. Watoto wakaiita Sufuria siku ile ile, na jina limebaki hadi leo. Wazee waliigonga kwa kidole, wakasikiliza mlio wake, kisha mmoja akaniuliza: "Sasa utavua nini na chombo hichi?" Nilikuwa na drili, boksi la skrubu na mipango mingi kichwani. Jibu la swali lile sikuwa nalo, na karibu kila kosa nililolifanya miezi sita ya mwanzo lilianzia hapo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwongozo huu haina chombo cha kazi hata kimoja.

Hatua ya kwanza: kaa dikoni wiki mbili kabla hujatoboa tundu

Nenda alfajiri vyombo vinapotoka, na urudi vinapoingia. Toa salamu kwa wote, anza na wazee. Ukikuta watu wanakokota chombo, weka bega kwanza, maneno yatafuata. Chombo kikishapanda mchangani, yule aliyekuwa ubavuni mwako ndiye atakayekuuliza unatoka wapi na mtoto wa nani, na hapo ndipo unapoanza kujulikana. Mtafute Bwana Diko, anayeandika samaki wanaoshushwa, umueleze una chombo gani na unakusudia nini. Mpitie na sheha. Kamati ya wavuvi ya shehia nayo ina taratibu zake, na mgeni anayezisikia mapema huheshimiwa zaidi ya yule anayeambiwa baada ya kuzivunja.

Uliza mambo manne: samaki gani wako karibu, wanavuliwa kwa mshipi gani, upepo ukigeuka watu hukimbilia wapi, na wapi hapatiwi nanga. Majibu hayo ndiyo ramani ya boti yako. Kwetu sisi, ndani ya kivuli cha visiwa vya Fundo, Njao na Uvinje, watu huvua changu, chewa na tasi katika maji ya kina cha kiasi. Ukishatoka nje ya milango ya visiwa hivyo, chini kunaporomoka mamia ya mita, na huo ndio Mkondo wa Pemba, wanakopita jodari, nguru na nduwaro karibu na nchi kavu kuliko sehemu nyingi za pwani hii. Boti ya futi 14 ni ya huku ndani. Nje utaiendea siku teule: baina ya kaskazi na kusi bahari inapolala, au asubuhi tulivu za matlai, tena ukiwa na chombo chengine mbele ya macho yako.

Nilipolielewa hilo, nusu ya mipango yangu niliifuta. Nilitaka kiti kirefu cha kuzunguka na jukwaa la kusimamia mbele kama nilivyoona kwenye picha za maziwa ya Marekani, ambako boti hizi ni nyingi mno. Maziwa yale hayana wimbi la ubavuni la mlango wa Njao. Mtu akisimama juu ya jukwaa kwenye boti nyepesi hivi, uzito unapanda, na wimbi moja likija kombo ameshakuwa majini.

Hatua ya pili: karatasi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010: chombo cha kuvulia kina leseni, na mvuvi mwenyewe ana yake. Usajili na usalama wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Anza na afisa wa uvuvi wa wilaya yako, atakuelekeza pa kwenda. Jua pia mipaka ya hifadhi: eneo la Mkondo wa Pemba limehifadhiwa tangu 2005, na pale Misali kuna sehemu iliyofungwa kabisa kwa uvuvi. Kasa, pomboo na nguva hawaguswi popote.

Hatua ya tatu: jua kinachoiua alumini

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapopotea.

Mbao huliwa na fukusi wa baharini na chuma huliwa na kutu. Alumini yenyewe, ile ya daraja la baharini inayoandikwa 5052 au 5083, inastahimili maji ya chumvi miaka mingi bila hata rangi, kwani inajifunika utando mwembamba wa kujikinga. Tatizo linakuja ikigusana na madini mengine ndani ya maji ya chumvi. Hapo panazaliwa kitu kama betri: umeme mdogo unapita, na katika jozi hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Shaba ni mbaya kuliko zote. Chuma cha kawaida kibaya. Stenlesi nayo inaila, ila polepole, na tunaivumilia kwa kuwa skrubu zake zina nguvu.

La kwangu lilikuwa risasi. Chubwi moja, yaani kizito cha risasi cha mshipi, la ukubwa wa kokwa ya tende, liliponyoka likaingia chini ya ubao wa sakafu, nami sikujua. Ngama ya chumvi, yaani maji yanayotuama chini ya chombo, ikabaki pale kila siku kidogo. Baada ya miezi mitatu nikaona boti inaingiza maji ikiwa imetulia kwenye nanga. Nikang'oa ubao. Chubwi lilikuwa limelala ndani ya kishimo, limezungukwa na unga mweupe kama chumvi ya jikoni, unyevu kidogo. Nikaufuta unga kwa kidole, na chini yake palikuwa na tundu la punje ya mchele. Bati la milimita mbili lilikuwa limetoboka kabisa, na kote pembeni lilikuwa zima, linang'aa.

Tangu siku hiyo, sheria zangu ni hizi, na ningekuomba uzifanye zako. Machubwi yote yakae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Sarafu, ndoana na vipande vya waya visiachwe kwenye ngama. Nanga na mnyororo wake vikae kwenye beseni la plastiki mbele, visilale juu ya bati tupu. Kila skrubu ya stenlesi ivae washa ya nailoni na ipakwe gundi kabla ya kukazwa, ili isiguse bati moja kwa moja. Chagua stenlesi ya 316. Ukiweza kupata bolti badala ya skrubu, bora zaidi.

Mbao nazo zina siri. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zenye rangi ya kijani kwa mbali, mara nyingi dawa yake ina shaba. Zikirowa, shaba inatoka na kulila bati. Tumia plaiwudi isiyo na dawa, ipake epoksi mara mbili pande zote, na usisahau kingo, maana maji huingilia kwenye kingo.

Rangi ya chini ya boti vilevile. Zile rangi za kuzuia mwani na chaza nyingi zina shaba, zinafaa mbao na faiba, na kwa alumini ni sumu. Ikiwa boti yako unaipandisha pwani kila siku, huna haja nayo hata kidogo. Fundi mmoja mzuri wa mashua, mtu ninayemheshimu sana, alinishauri kwa nia safi niipake rangi anayoipaka mashua zake. Ufundi wake ni wa mbao, pamba ya kalafati na mafuta ya sifa, na kwa mbao hajakosea. Muulize kila mtu, lakini kwa bati pima jibu kwanza.

Hatua ya nne: tafuta mavujo ukiwa nchi kavu

Boti za riveti zikizeeka hulegea. Usiende nazo baharini kutafuta tundu. Ilaze boti juu ya mataira matatu manne ya zamani ili tumbo lake lishikiliwe vizuri, uitie maji ya bomba kiasi cha kufunika riveti za chini, basi. Usiijaze, lita 200 ni kilo 200, na bati halikutengenezwa kubeba uzito huo likiwa hewani. Lala chini ya boti na tochi. Kila riveti inayotoa tone, izungushie alama ya chaki au kalamu ya wino. Usitumie penseli, kwani risasi yake ni kaboni, na kaboni nayo hula alumini ikikutana na chumvi.

Kukaza riveti kunataka watu wawili. Mmoja anashika nyundo nzito au kipande cha chuma kwa nje, akikibana kwenye kichwa cha riveti. Mwengine anagonga mkia kwa ndani, mapigo madogo madogo. Mimi nilimuomba kijana anayetengeneza madirisha ya alumini Wete mjini, na nikamlipa siku yake. Mafundi hao wa madirisha ni hazina: wana riveti, drili, misumeno mizuri, na vipande vya engo vilivyobaki wanaviuza kwa bei nafuu. Kumbuka tu mambo mawili. Riveti zao nyingi ziko wazi katikati, zinapitisha maji, kwa hiyo ni za juu ya usawa wa maji pekee. Na alumini ya madirisha ni laini. Itafaa kwa rafu na vishikizo vidogo, haifai kubeba mashine wala kuziba tumbo la boti.

Riveti isiyokaza, ipake gundi ya poliyurethani kwa ndani, ile wanayobandikia vioo vya magari. Silikoni yenye harufu ya siki iache dukani. Asidi yake inalishambulia bati. Tundu halisi au ufa unataka kulehemiwa kwa gesi ya agoni na mtu anayeijua alumini. Ukikosa mtu huyo Pemba, ni afadhali upakie boti kwenye meli hadi Unguja kuliko kumpa anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Hatua ya tano: mpakie mzee, uone mkono wake unakwenda wapi

Sasa ndipo unapopanga mambo ya ndani, na njia ninayokupa sikuisoma popote. Mualike mvuvi mmoja mwenye miaka mingi ya mshipi, siku ya maji mafu, mwende pahala pa karibu. Usimuelekeze akae wapi. Mpe mshipi na chambo, kisha mtazame. Wangu alikaa kwenye kiti cha katikati, akageuka ubavu, akakanyaga upande wa pili kwa mguu, akatafuta pa kuuweka mkono wenye mshipi na hapakuwa na kitu. Ukingo wa bati ulikuwa mkali na wenye moto wa jua. Mara tatu alinyoosha mkono nyuma kutafuta chambo, na chambo kilikuwa mbele. Chubwi lilipogonga sakafu, boti nzima ikalia kama debe, naye akanitazama kwa huruma: "Baba, samaki kasikia."

Kutokana na safari ile moja nilipata orodha yangu yote. Ukingo niliufunika kwa bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu, pande zote mbili, pale mshipi unapopita. Sakafu nimeweka mikeka ya mpira yenye matundu, inayong'oka. Zulia lisiwekwe kamwe, linashika chumvi na kuilaza juu ya bati. Kiti kimevishwa mpira kwa sababu alumini saa sita mchana inaunguza nguo. Ndani nimepaka rangi ya kijivu isiyong'aa, maana bati tupu linarudisha jua machoni hadi kichwa kinauma. Kwa rangi hiyo piga msasa, osha kwa sabuni na maji matamu, acha ikauke, kisha praima ya alumini ndani ya saa hiyo hiyo kabla ule utando haujarudi. Usitumie brashi ya waya iliyowahi kusugua chuma; vumbi la chuma linajichimbia ndani ya bati na kuanzisha madoa.

Chambo kikakaa kwenye ndoo iliyobanwa nyuma ya kiti, mkono wa kulia. Vishikizo vya rodi nilikata bomba la PVC la inchi 2, sentimita 30 kila kimoja, mdomo wa juu nikaupasha moto na kuulainisha, nikavifunga kwenye engo zilizorivetiwa kwenye ukingo, vikiinamia nje kidogo ili mishipi miwili inayoburuzwa isisokotane. Bei yake ni ndogo, na plastiki haigombani na bati. Kama unavua kwa mshipi wa mkono pekee, kama wenzangu wengi, huvihitaji kabisa.

Sanduku la barafu ndilo lililochukua nafasi kubwa, nalo nimeliweka katikati kabisa, chini ya kiti, pasipoyumbisha boti. Jamaa wa jodari, nguru na vibua wakikaa juani saa kadhaa hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na hata ukimpika vipi samaki huyo, sumu haitoki. Beba barafu kilo kwa kilo na samaki unaowatarajia. Wachuuzi wa Tumbe, kwenye soko kubwa la samaki kuliko yote kisiwani, watakulipa bei nyengine kabisa kwa samaki aliyelala kwenye barafu tangu alipotoka majini.

Hatua ya sita: ifanye ielee hata ikijaa maji

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji unaelea. Alumini inazama. Boti hizi hutoka kiwandani na povu chini ya viti, na watu wengi hulitoa ili wapate pa kuwekea vitu. Usilitoe. Likiwa limelowa na kuoza, badala yake weka kitu chengine.

Mimi nimetumia madumu ya mafuta ya kupikia ya lita 20, yaliyokaushwa na kufungwa kwa gundi kwenye mfuniko. Hesabu yake ni nyepesi. Boti ya kilo 110, ikiwa chini ya maji, inabaki na uzito wa karibu kilo 70, kwani alumini ni nzito kuliko maji mara 2.7 tu. Mashine ya farasi 15 weka kilo 40, betri na nanga kilo 25, na watu watatu walioshikilia ukingo kilo 10 kila mmoja. Jumla ni kama 165. Dumu moja linanyanyua kilo 19. Madumu tisa yanatosha. Weka manne nyuma karibu na mashine, matatu katikati, mawili mbele, yote yabanwe juu kwenye mbavu za boti na yafungwe kwa kamba ya nailoni, kwa sababu yakifunguka hayakusaidii kitu, na yakikaa chini kabisa boti itapinduka.

Kisha jaribu. Maji yanapokupwa, mahali pa kiuno, toa mashine, weka mfuko wa mchanga wa kilo 60 mahali pake (mchanga hupoteza uzito mwingi ndani ya maji), zamisha boti kwa makusudi, na waite jamaa waishike. Siku niliyofanya hivyo diko zima lilikuja kutazama. Ilielea, ukingo ukiwa juu ya maji kiganja kimoja. Tangu hapo hakuna aliyeicheka Sufuria, na vijana wawili walikwenda kutia madumu kwenye boti zao za faiba.

Hatua ya saba: uzito, mashine na umeme

Kwa idadi ya watu, zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15. Yangu inatoa nne na ushei, basi wanne. Lakini hesabu hiyo ni ya maji tulivu na boti tupu. Sanduku la barafu lililojaa ni mtu mmoja, kwa hiyo mimi hupakia watatu.

Pima kimo cha tezi (nyuma ya boti, inapofungwa mashine) kabla ya kununua mashine: inchi 15 ni mguu mfupi, inchi 20 mguu mrefu. Ile bapa iliyo juu ya rafadha (panga la mashine) iwe sawa na tumbo la boti au chini yake kidogo. Baina ya mashine na bati weka ubao mgumu uliopakwa epoksi pamoja na kipande cha mpira. Kiasi cha oili kwenye petroli fuata kitabu cha mashine yako. Usifuate cha jirani. Kila ukirudi, izungushe kwa maji matamu dakika kumi. Kama chombo kinalala majini, funga na kipande cha kujitolea mhanga cha alumini au zinki, kisipakwe rangi, kibadilishwe kikishaliwa nusu.

Umeme ufanye mdogo. Waya mbili kwa kila kifaa, kwenda na kurudi, na usitumie mwili wa boti kama waya wa kurudishia hata siku moja. Umeme unaopotea kwenye bati unalila kwa kasi ya ajabu. Fyuzi iwe karibu na betri, betri ndani ya sanduku la plastiki. Taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe inayoonekana kila upande. Usiku wa giza huku kwetu bahari imejaa taa za watu wa dagaa, na boti isiyo na taa wataiona imeshawaparamia.

Majaketi ya kuokolea, kila mtu na lake, yavaliwe. Kamba ya mita 20 ya kukokotea, kasia mbili, upo wa kutolea maji na ndoo, plagi ya akiba na spana yake, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usioingia maji. Ukiwa na redio ya baharini, sikiliza chaneli 16. Kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha muulize mzee dikoni. Wakitofautiana, baki nyumbani.

Hatua ya nane: kuvua pamoja na wenzako

Ukifika palipo na watu, punguza mashine mapema. Pita nyuma yao, mbali na maboya ya madema. Usitie nanga juu ya mkondo mbele ya mtu aliyekwishatanguliza chambo. Chambo chake kinawavuta samaki, na wewe utakuwa umewazuia njiani. Simama ubavuni, mbali kiasi cha kuitana kwa sauti, na uulize: "Yakhe, hapa panatosha?" Atakuambia.

Mtu akikuonesha kambi ya samaki kwa kupanga mnazi fulani na paa fulani kule nchi kavu, amekupa urithi wa baba yake. Usiuandike kwenye GPS na kumpa mwengine, wala usimpeleke mgeni wa hoteli pale bila idhini. Nimeona undugu wa miaka kumi ukikatika kwa jambo hili.

Ukiwa na mashine, wewe ndiye utakayemkokota aliyekwama. Fanya bila kutaja mafuta. Ijumaa asubuhi wengi hawatoki, na usitoke wewe peke yako ukidhani umepata bahari yote. Ikikuharibikia hakuna wa kukuona. Ukishusha samaki, toa kitoweo kwa waliokusaidia kukokota, kabla ya mchuuzi hajafika. Na wavuvi wa dago wanaotoka Kojani na kwengineko wakipiga kambi pwani yako, wapelekee maji matamu siku ya kwanza. Hawa wanazijua pwani nyingi. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutumia vigogo viwili vya mnazi kuiviringisha boti juu ya mawe ya matumbawe, badala ya kuiburuza na kulikwangua bati.

Jioni, boti ikiwa juu, iinamishe nyuma, toa kizibo cha tezi, uimwagie maji matamu ndoo tatu, unyanyue mikeka, upitishe mkono mzima kwenye ngama kutafuta chubwi. Mvua za masika zikiikuta na kizibo kimefungwa, asubuhi utakuta imejaa na imekaa kombo juu ya mawe. Kizibo chenyewe kifunge kwenye ile kamba ya mkononi inayozima mashine. Kwa namna hiyo huwezi kuwasha bila kukishika kwanza.